Waulize Mafundi: Hilo Gari la Kwenye Filamu ya Vita Linaitwaje?

Barua za safari hii karibu zote zinatoka kwa watu walioona filamu ya vita, wakaliona gari, kisha wakagombana kuhusu jina lake. Tumeanza na ile yenye ugomvi mkubwa zaidi.

SWALI: Natafsiri filamu kwenye kibanda umiza. Gari lolote la jeshi lisilo na paa naliita Jeep. Juzi mteja mmoja alinikatisha katikati ya filamu ya Vita Kuu ya Pili, akasema ile si Jeep, ni Ford. Nani yuko sahihi? – *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Nyote wawili, ndugu yetu, na ndiyo maana ubishi haukuisha. Jeep ya vita ile ilitengenezwa na viwanda viwili kwa mchoro mmoja. Willys walitengeneza modeli iliyoitwa MB, kama 360,000 hivi, kuanzia mwishoni mwa 1941 hadi 1945. Jeshi la Marekani liliona kiwanda kimoja hakitoshi, likawapa Ford kazi hiyohiyo, nao wakatoa zaidi ya 277,000 kwa jina la GPW. Vipuri vinaingiliana. Injini ni ileile ya Willys ya silinda nne, lita 2.2, nguvu farasi 60.

Kwenye kioo cha televisheni kuzitofautisha ni kazi, ila kuna sehemu tatu za kutazama. Ya kwanza ni chini ya grili, mbele ya rejeta, ambako kuna chuma kinachounganisha mbavu mbili za chasisi. Kikiwa cha mviringo kama bomba, hiyo ni Willys. Kikiwa bapa chenye umbo la U iliyopinduliwa, ni Ford. Ya pili ni nyuma: hadi katikati ya 1942 kila kiwanda kiligonga jina lake kwenye bati la nyuma upande wa kushoto, kisha jeshi likapiga marufuku. Ya tatu haionekani kwenye filamu, lakini ukilishika gari lenyewe utaiona. Ford waligonga herufi F kwenye bolti nyingi na kwenye vipande vidogovidogo. Tahadhari tu: magari haya yamefunguliwa na kufungwa upya mara nyingi mno tangu 1945, na bolti yenye F ndani ya Willys si ajabu hata kidogo.

Grili nayo ina hadithi yake. Willys za mwanzo kabisa, kama 25,000 na ushee, zilikuwa na grili ya vyuma bapa vilivyounganishwa kwa kuchomelewa. Ford ndio walioleta grili ya bati moja lililokatwa matundu 9 ya kusimama, na Willys wakaifuata. Hesabu matundu hayo kabla ya kufungua mdomo. Tisa ni gari la vita. Yakiwa saba, unatazama gari lililozaliwa baada ya vita, hata kama waigizaji wamevaa kofia za chuma za 1944.

Kwa hiyo ukiwa na kipaza sauti mkononi sema "Jeep" bila woga. Ukitaka kumnyamazisha mteja wako, sema "Jeep ya Willys au ya Ford". Na kwenye bango la mlangoni andikeni Jeep, msiandike jipu. Jipu tiba yake ni nyingine.

SWALI: Je, ni kweli neno Jeep linatokana na herufi GP (*General Purpose*), yaani gari la matumizi yote? – *Msomaji, Iringa*

JIBU: Ndivyo inavyosimuliwa kila mahali, lakini maelezo ya herufi zenyewe si hayo. Katika orodha ya Ford, G ilimaanisha gari la mkataba wa serikali, P ilikuwa alama ya gari lenye inchi 80 kati ya ekseli na ekseli, na W iliongezwa kwa sababu mchoro ulikuwa wa Willys. Hakuna mahali palipoandikwa "matumizi yote". Tena wanajeshi wa Marekani walikuwa na neno *jeep* kabla ya gari hili kuwepo. Walilitumia kwa kuruta mpya na kwa mtambo ambao haujajaribiwa. Katuni za Popeye nazo zilikuwa na mnyama wa ajabu aitwaye Eugene the Jeep tangu 1936. Huenda sauti ya GP ilisaidia jina lishike, basi.

Na kwa kuwa Willys na Ford husifiwa kila siku, tuongeze kwamba gari la kwanza kabisa la aina hii halikuwa lao. Kiwanda kidogo cha Bantam, mji wa Butler, Pennsylvania, kilipewa siku 49 kulitengeneza, nacho kikalifikisha jeshini Septemba 1940. Kisha kikapewa oda ndogo, na oda kubwa zikaenda kwa wenye viwanda vikubwa.

SWALI: Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, na alipigana Burma. Nimeona filamu inayohusu vita vile, Jeep zake zina usukani upande wa kulia. Binamu yangu anasema ni sawa kwa kuwa jeshi lilikuwa la Waingereza. Kweli? – *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Si kweli, na mpe binamu pole. Jeep zote za Willys MB na Ford GPW zilitoka kiwandani na usukani wa kushoto, hata zile Waingereza walizopewa na Marekani. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walioshuka bonde la Kabaw kwenye masika ya 1944 na kuvuka mto Chindwin huko Kalewa mwezi Desemba waliendeshwa na usukani wa kushoto. Tope la bonde lile ndilo lililoipa Jeep heshima. Ni gari la tani moja na kidogo, na watu wachache wanaweza kulinyanyua upande mmoja likikwama. Huko Burma zilifungwa hata magurudumu ya reli zikavuta mabehewa.

Ulichokiona karibu kwa hakika ni gari lililotengenezwa India. Mahindra walianza kuunganisha Jeep mwaka 1947, na ile iliyoenea zaidi baadaye ni ya mtindo wa CJ-3B, yenye usukani wa kulia. Itazame boneti. Kwenye Jeep ya vita boneti ni fupi kwa kimo, na sehemu ya juu ya grili iko karibu sana na taa. CJ-3B ilipewa injini mpya iliyosimama juu zaidi, boneti ikabidi iinuliwe, na gari likaonekana kama limevuta pumzi likaibana. Muundo huo haukuwepo kabla ya 1953.

Ukipata picha ya nyuma, tazama mlango. Jeep ya vita haina mlango wa nyuma. Bati limezibwa moja kwa moja, tairi la spea limening'inia upande wa kulia na dumu la mafuta upande wa kushoto. Za kiraia kuanzia CJ-2A ya 1945 zina mlango wa kuangusha, spea imehamia ubavuni, taa za mbele ni kubwa na zimetokeza, na kifuniko cha tangi la mafuta kiko nje ubavuni. Kwenye Jeep ya vita tangi liko chini ya kiti cha dereva, na huwezi kujaza mafuta dereva asipoondoka kitini. Ukiona kwenye filamu ya 1944 mtu anajaza mafuta kwa ubavuni huku dereva ametulia, umeshapata jibu.

SWALI: Nina Land Rover 109 ya zamani. Watu wa filamu wanataka kuikodi kwa hadithi ya enzi za Mau Mau, mwaka 1953. Rafiki yangu anasema wataniaibisha. Nifanye nini? – *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Usikatae pesa, mzee, lakini waambie ukweli kabla hawajaanza kupiga picha. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na Land Rover ya wakati huo ni Series I. Ilizinduliwa Amsterdam Aprili 1948 ikiwa na inchi 80 kati ya ekseli, sawasawa na Jeep, kwa kuwa gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep. Mwaka 1954 zikaja za inchi 86 na 107. Za 88 na 109 zilitoka mwishoni mwa 1956, na Dedan Kimathi alikamatwa 21 Oktoba 1956. Gari lako basi limechelewa kwa hadithi yao yote.

Kwanza, hata hivyo, thibitisha kwamba ni 109. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, magurudumu yakiwa yamenyooka:

80 ni sentimita 203
86 ni sentimita 218
88 ni sentimita 223.5
107 ni sentimita 272
109 ni sentimita 277

Kisha simama ubavuni utazame chini ya madirisha. Bodi ikishuka wima kama ukuta, ni Series I. Ikiwa na uvimbe wa mviringo unaopita gari zima kama mkanda, na chini ya milango kuna bati linaloficha chasisi, ni Series II (1958) au zilizofuata. Kwa dashibodi, saa zikiwa katikati ni II au IIA, zikiwa mbele ya dereva ni Series III ya 1971 kwenda mbele. Grili ya waya ni ya zamani, ya plastiki ni Series III. Barabarani utaijua kwa gia. Series III inaingia zote nne bila kelele, wakati II na IIA zinakulalamikia ukirudi gia ya pili au ya kwanza bila kupiga klachi mara mbili.

Taa zinadanganya watu wengi. Zikiwa katikati, pembeni mwa grili, gari ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Zikiwa kwenye madigadi, ni IIA ya mwisho au III. Lakini madigadi ya Land Rover yamefungwa kwa bolti tu, na gereji za kwetu zimeyahamisha kutoka gari moja hadi jingine kwa zaidi ya miaka 50. Usiamini taa peke yake. Amini namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma cha kushikilia springi ya mbele upande wa kulia. Isugue kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, usitumie grainda, maana ukiila namba hairudi.

Na kama mtu anakuuzia "Series I halisi", nenda na sumaku. Mabati ya bodi ya Land Rover ni aloi ya alumini, sumaku haishiki. Inashika kwenye chasisi na kwenye ukuta wa mbele ya miguu. Ikishika bodi nzima, ama mtu ameunga mabati ya chuma, ama ni ndugu yake wa Ubelgiji, Minerva, aliyetengenezwa kwa leseni miaka ya 1950. Minerva anajulikana kwa madigadi ya mbele yaliyoinama badala ya kusimama wima.

109 yako inafaa hadithi gani, basi? Ikiwa ni Series II au IIA, inakaa vizuri kwenye maasi ya kambi ya Colito, Dar es Salaam, Januari 1964. Ikiwa ni III, ni gari la wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979. Na kwa hisani yako usiiite Defender. Jina hilo lilianza kutumika 1990 kwa magari yaliyotoka 1983 yakiwa na springi za koili, kioo cha mbele kisichogawanyika na uso ulionyooka hadi kwenye madigadi. Uso huo ukiuona kwenye filamu kuhusu uvamizi wa Entebbe wa Julai 1976, ambako Waisraeli walishuka kweli na Land Rover nyuma ya Mercedes nyeusi, ujue mtu wa magari alikuwa amelala.

SWALI: Naandika tafsiri za chini ya picha. Wajerumani wana gari lenye tairi juu ya boneti, wanaliita *Kübelwagen*. Kamusi imeniambia *Kübel* ni ndoo. Niandike "gari la ndoo"? – *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Usiandike hivyo, dada, watazamaji watasubiri ndoo. Neno lilianza na kiti: *Kübelsitz* ni kiti chenye kingo za pembeni kama nusu ndoo, kilichozuia askari asirushwe nje kwenye gari lisilo na milango. Andika "Kübelwagen" mara ya kwanza, na baada ya hapo "gari la doria" litatosha. Ila fahamu kwamba Wajerumani walikuwa na Kübelwagen nyingi, zikiwemo za Mercedes na Horch. Hiyo yenye tairi kwenye boneti iliyoinama ni Volkswagen Typ 82, iliyotengenezwa 1940 hadi 1945, kama 50,000.

Watazamaji wengi hudhani inavuta magurudumu yote manne. La, inavuta ya nyuma tu. Injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa, na mwanzoni ilikuwa na nguvu farasi zisizozidi 24. Kilichoiokoa ni wepesi, kilo 725 ikiwa tupu, na gia za ziada kwenye habu za nyuma zilizoinua tumbo lake hadi kama sentimita 29 kutoka ardhini. Haina rejeta, kwa hiyo kwenye jangwa hakuna maji ya kuchemka. Grili usiitafute, haipo.

Iliyokuwa mashua na gari kwa pamoja, Schwimmwagen Typ 166, ndiyo inayovuta manne, na ni kwenye gia ya kwanza pekee. Ina propela nyuma inayokunjwa juu ikiwa nchi kavu.

Sasa udanganyifu. Mwaka 1968 Volkswagen walianza gari jingine la mabati yenye migongo, Typ 181, na watengeneza filamu wakalipenda kwa sababu ni rahisi kulipata. Lipake kijivu, lichore msalaba, tayari. Litajifichua kwa mambo mawili. Spea haiko juu ya boneti, imefichwa ndani. Na taa zake zimezamishwa kwenye madigadi, ilhali za Typ 82 zimekaa juu ya madigadi kama vikombe. Mtu wa filamu mwenye bidii huifungia spea juu ya boneti. Taa huziacha zilivyo.

SWALI: Jeep za Vietnam mbona sura yake ni tofauti? – *Msomaji, Arusha*

JIBU: Kwa sababu ni gari jingine kabisa, M151, lililochorwa na Ford na kuanza kutumika kuanzia 1960. Matundu ya grili yake yamelala, hayakusimama. Hilo peke yake linatosha. Halina chasisi ya kawaida, bodi na fremu ni kitu kimoja, na kila gurudumu lina springi yake huru. Za mwanzo zilikuwa na tabia mbaya: ukikata kona kwa kasi bila mzigo nyuma, gurudumu la nyuma linajikunja kwa ndani na gari linapinduka. Toleo la M151A2 la 1970 lilirekebisha mpangilio wa nyuma. Hata hivyo jeshi la Marekani liliona si salama kwa raia, na nyingi zilikatwa vipande badala ya kuuzwa, ndiyo maana filamu nyingi zinatumia M38A1 badala yake. Hiyo ni ya 1952, ina boneti na madigadi ya mviringo, na matundu saba ya kusimama.

SWALI: Kuna gari kubwa kuliko Jeep lakini sura inafanana. Hapa mtaani tunaliita Jeep mama. Nitalipimaje kwenye kioo? – *Msomaji, Tabora*

JIBU: Yaelekea ni Dodge WC-51, au WC-52 ikiwa bampa la mbele limetokeza sana kubeba winchi. Ilibeba robo tatu ya tani, wakati Jeep ilibeba robo.

Kupima kwenye kioo kunawezekana. Simamisha picha gari likiwa ubavu mtupu, halijageuka hata kidogo. Weka rula kati ya habu na habu, kisha pima urefu wa tairi kutoka juu hadi chini, ugawe cha kwanza kwa cha pili. Tairi la Jeep, 6.00-16, lina kama sentimita 72, kwa hiyo Jeep inatoa karibu 2.8. Land Rover 88 yenye tairi hilohilo inatoa 3.1, na 109 yenye tairi za 7.50-16 inakaribia 3.4. Kwa Dodge njia hii inakwama, maana tairi zake ni kubwa (9.00-16) na jibu linarudi karibu na la Jeep. Hapo linganisha na mtu. Akisimama pembeni, boneti ya Jeep inamfika kiunoni, ya Dodge inakaribia kifua.

SWALI: Filamu za Mogadishu 1993: ni Humvee au Hummer? Na zile Land Cruiser zenye bunduki? – *Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Humvee. Hilo ndilo la jeshi, lilianza kuingia kambini katikati ya miaka ya 1980. Hummer ni jina la biashara la lile la raia, kuanzia 1992, na Hummer H2 ya miaka ya 2000 ni gari jingine lililovalishwa sura hiyo.

Pikapu zenye bunduki Wasomali na waandishi wa habari walizipa jina la Kiingereza *technical*, nasi tunalitamka "tekniko". Hapa ndipo wasomaji wetu wanawashinda Wazungu, kwa kuwa Land Cruiser, yaani mkonga, mnaijua. Land Cruiser 79 ilitoka 1999, haikuwepo Mogadishu ya 1993. Iliyokuwepo ni 75. Chungulia chini mbele: 75 ina springi za mapande, 79 ina koili. Na boneti pana iliyovimba ni ya 2007 kwenda mbele, bila mjadala.

SWALI: GAZ na UAZ ni kitu kimoja? – *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Ni viwanda viwili vya Kisovieti, cha Gorky na cha Ulyanovsk. Mkanganyiko unatokana na GAZ-69, iliyoanzia Gorky 1953 kisha ikahamishiwa Ulyanovsk, kwa hiyo utaikuta ikiitwa kwa majina yote mawili. Matundu yake ya grili yamesimama. UAZ-469 ilikuja 1972, matundu yamelala, milango minne. Kwenye filamu ya Ogaden ya 1977 zote mbili zinaruhusiwa. Kwenye filamu ya Stalingrad hakuna hata moja.